Banio la Lalachali

Kaeni vizuri. Kuna nchi inaitwa Lalachali, na aliyetuletea habari zake ni Mwatumu, msoma mita za maji wa Korogwe. Alifikaje huko, hilo tuliache. Hata yeye ukimuuliza anasema alikuwa kwenye nyumba ya mwisho, akainama kufuta vumbi kwenye kioo cha mita, akainuka yuko kwingine. Miaka kumi na moja alikuwa anapita mlango hadi mlango, na hodi yake ni ya chini mpaka mbwa hawabweki. Mtaani kwao watu wanaijua kofia yake kuliko sauti yake.

Lalachali ni nchi ndefu, imelala chali kama mtu aliyepumzika. Juu kabisa ni Utosini, ndiko serikali iliko. Chini kabisa ni Miguuni, mikoa miwili mikubwa ya watu wenye nguvu. Katikati ya kifua cha nchi kuna Jumba la Ngoma. Ngoma hiyo haijawahi kunyamaza, na kila inapopiga inasukuma maji kwenye Mfereji Mkuu. Maji yao ni mekundu, ya uvuguvugu, na ndiyo chakula, ndiyo pumzi, ndiyo kila kitu. Saa hawana. Wanahesabu mapigo. Mtu akikwambia nisubiri mapigo mia, ujue ni dakika moja na kidogo.

Utaratibu wao wa wageni ni mfupi. Anayepayuka anapelekwa Miguuni, anayenong'ona anapelekwa Kiunoni. Mwatumu hakuulizwa mara mbili.

Kiunoni kuna vilima viwili vimejikunja kama punje za maharage, vimejibanza nyuma kabisa ya nchi, na wanaokaa humo ni Wachujaji. Kila tone la nchi nzima linapita mikononi mwao. Safi linarudi mferejini, taka zinashuka kwenye mtaro zinatoka nje ya nchi. Kazi yenyewe inafanywa kwa masikio: mchujaji anasikiliza maji yakipita kwenye kitambaa, akisikia mkwaruzo anajua kuna uchafu. Ndiyo maana hawapazi sauti. Mtoto wao akilia wanambeba wanamtoa nje mpaka atulie.

Mwenyeji wa Mwatumu aliitwa Tuliza, msimamizi wa Kilima cha Kushoto, mama wa miaka hamsini hivi, mikono ya gauni lake imelowa muda wote.

"Karibu, mdogo wangu," alimwambia siku ya kwanza, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Mwatumu alijisikia kama yuko nyumbani. "Hapa ukitaka chumvi, nyoosha kidole."

"Na kile kilima kingine, dada Tuliza? Mbona kimya?"

"Kimya tuko wote. Kile kimekufa."

Akamkabidhi kitambaa, akarudi kwenye maji yake.

Sasa, kuna jambo la kwanza la kuelewa kuhusu Lalachali, nalo ni Sheria ya Sauti. Inasema hivi: haja ya mtu ni sawa na kelele zake. Huko Utosini kuna Ofisi ya Vilio, na ndani yake kuna kipimo chenye mshale. Unaingia, unalia, mshale unapanda, karani anaandika namba, na namba hiyo ndiyo haki yako ya maji. Wenyewe wanaiona sheria nzuri sana, maana haina upendeleo. Mshale haujui ndugu. Mwatumu aliuliza Utosini wenyewe wanapimwa lini, akaambiwa hawapimwi, kwa sababu mfereji wao unachepuka juu ya banio, lile lango la kufungia Mfereji Mkuu, na tangu nchi iumbwe hawajakosa maji hata siku moja. Kwa hiyo wana muda wa kutosha wa kupima wengine.

Jambo la pili ni mtaro. Watu wa Lalachali wanauonea haya mtaro wao. Hakuna anayelitaja jina. Wanasema "kule," na mtu akisema kule, wote wanatazama vidole vya miguu yao.

Mwatumu alifika wakati mbaya. Ukuta wa Mfereji Mkuu ulikuwa umevimba, hatua chache tu juu ya Kiunoni. Ulijaa pembeni kama tairi la baiskeli lililochoka, na kila ngoma ilipopiga, uvimbe nao ulitutuma. Ukipasuka, nchi yote ingekwisha kabla yai halijachemka. Dawa ilikuwa moja. Mafundi wa viraka waukate ule uvimbe, washone kipande kipya cha kitambaa cheupe, imara. Na huwezi kushona mfereji wenye maji. Lazima banio lifungwe, kila kilicho chini yake kikauke, mapigo elfu mbili, labda zaidi.

Hilo hakuna aliyelipinga. Ubishi ulikuwa kwenye mengine.

Usiku ule habari ilipotangazwa Tuliza hakulala, na asubuhi alimchukua Mwatumu mpaka mlangoni pa Kilima cha Kulia. Ndani vitambaa vilikuwa bado vimetundikwa, vimekakamaa kama ngozi za mbuzi.

"Miaka tisa iliyopita banio lilifungwa," alisema. "Mama yangu ndiye alikuwa msimamizi hapa. Mapigo elfu na mia saba bila maji. Nilikuja mbio kumtazama. Nikamkuta amesimama hapa hapa, anajifuta mikono, kachoka lakini mzima. Akaniambia, tumepona. Wote walikuwa hai, mdogo wangu, niliwaona kwa macho yangu. Halafu banio likafunguliwa."

"Lote?"

"Lote, mara moja. Ndiyo sherehe yao. Maji yalikuja kama ng'ombe waliokatikiwa kamba. Yalibeba vitambaa, yalibeba taka zote zilizolundikana huko chini, yakabeba na watu. Mimi nilikuwa juu ya ngazi." Akakamua mkono wa gauni lake. "Ofisini wameandika walikufa kwa kiu."

Mwatumu alishika kitambaa kimoja, kikavunjika mkononi. Alikuwa na neno la kusema kuhusu maji yanayorudi, akalimeza, maana lilimgusa yeye mwenyewe.

"Sasa tumebaki upande mmoja," Tuliza alisema. "Tukienda na sisi, taka zote zitabaki ndani ya nchi. Watakunywa uchafu wao mpaka wasinzie."

Baraza lilikaa siku ya tatu. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Vilio, Mheshimiwa Kipaza, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu, mpole kwa kweli, anayeamini kipimo chake kuliko macho yake. Karani alikaa pembeni ya mshale, kalamu sikioni.

Walianza na Mkono. Kuna sheria ya zamani kwamba kabla ya banio kufungwa, kimfereji cha Mkono wa Kushoto kifungwe mapigo mia tatu, kifunguliwe, kifungwe tena, mara tatu. Eti Kiunoni, walio mbali kabisa, wakisikia Mkono umekauka watajiweka tayari. Habari inafikaje kutoka Mkononi hadi Kiunoni, hakuna anayejua. Mtaalamu mmoja alisimama akasema inasaidia, yeye ameona. Wa pili akasema yeye amehesabu marehemu, Mkono ulipofungwa na usipofungwa, na haoni tofauti. Wakabishana mpaka jua likapanda. Mwisho walikubaliana kwamba kwa kuwa haimsumbui mtu isipokuwa Mkono, na Mkono haukuwa na mwakilishi siku hiyo, iendelee.

Kisha akaitwa mwakilishi wa Miguuni, bwana mmoja wa miraba minne anaitwa Paja. Alipoanza kulia, madirisha yalitikisika.

"Tutakakamaa! Tutapinda! Mapigo mia nne tu bila maji watu wangu wanaviringika chini!"

Mshale uligonga mwisho, ukarudi, ukagonga tena. Karani akaandika kwa heshima.

"Na mapigo elfu kumi je?" Mwatumu alimnong'oneza Tuliza.

"Wataviringika hivyo hivyo, halafu watanyanyuka. Miguu inavumilia kuliko wote. Ila inasema."

Miguuni wakaahidiwa maji ya kwanza, banio wazi lote, kwa mkupuo mmoja, na vigelegele.

Ikafika zamu ya Tuliza. Alisogea mbele ya kipimo, akafuta mikono kwenye gauni.

"Tunaomba maji ya kisima cha barafu kabla banio halijafungwa. Tujimwagie, tulale sakafuni. Mtu aliyepoa anahitaji kidogo. Na banio lifunguliwe polepole."

Watu walisubiri. Walidhani hajaanza.

"Mshale haujasogea, Mheshimiwa," alisema karani.

"Mama, paza sauti," alisema Kipaza, bila ubaya.

"Ndiyo yote niliyo nayo."

Watu walicheka. Paja akainuka. "Mnasikia wanachotaka? Nchi inawekwa kisu, wao wanatafuta mto wa kulalia!"

"Kulala kazini ni kosa," alisema Kipaza. "Kifungu cha kumi. Na hitaji lenyewe halijasajiliwa. Karani, andika Kiunoni hawana haja."

Mwatumu alijikuta amesimama. "Samahani, Mheshimiwa. Hicho kifungu kinakataza na kuoga?"

"Huyu ni nani?"

"Mgeni," alisema karani.

"Mgeni wa wapi?"

"Wa Kiunoni, Mheshimiwa."

"Inaonekana. Karani, tazama kuoga."

Karani alifunua kurasa kwa muda mrefu. "Kuoga hakukukatazwa."

"Basi waoge. Hata hivyo kazi yao ni ya uchafu."

"Na mtu akishaoga," Mwatumu aliendelea, akiongea na meza zaidi kuliko na Waziri, "sakafu ikawa na maji, akateleza akaanguka, akabaki pale chini. Sheria inasemaje?"

Karani alifunua tena. "Haijasema chochote kuhusu kuanguka."

"Basi tutaanguka," alisema Tuliza.

Kuhusu kufungua polepole, hakukuwa na mwanya. Kipaza alieleza kwa upole kwamba haki ikichelewa si haki, na anayelia sana hawezi kuambiwa subiri kidogo. Sherehe ya Kufungulia iko tangu enzi. Mlinzi wa banio anachomoa pini, lango linaruka juu, ngoma zinapigwa. Baraza likafungwa.

Siku yenyewe ilikuwa tulivu, anga safi. Mkono ulifungwa na kufunguliwa mara tatu, ukalalamika peke yake huko. Kiunoni maji ya barafu yaliteremshwa kwa ndoo, na Wachujaji wakajimwagia, meno yakigongana, kisha wakaanguka mmoja mmoja kwa adabu, kila mtu mahali alipopanga kuangukia. Tuliza alikuwa wa mwisho. Midomo ilikuwa imeshaanza kuwa ya bluu.

"Nenda banioni," alimwambia Mwatumu. "Sisi huku hatutajua kitu."

"Nikaseme nini, dada?"

"Sijui. Mimi nimesema miaka tisa."

Akalala, akafumba macho. Mwatumu akapanda.

Mlinzi wa banio aliitwa Komeo, mzee mfupi mwenye mabega mapana, amevaa shada la maua tayari kwa sherehe. Alishafunga lango, na mfereji chini yake ulikuwa umebaki tope jekundu. Mafundi walikuwa wamekata uvimbe, sindano zinakwenda. Pini ya lango ilikuwa inang'aa kwa kushikwashikwa. Pembeni yake kulikuwa na usukani wa chuma, umeota kutu, nyuzi za buibui zimetoka usukani zimeingia ukutani.

"Kaa, mgeni," alisema Komeo. "Unaambiwa mimi ndiye ninayefungua kwa mkono mmoja. Wana wimbo wangu. Umeusikia?"

"Bado."

Akamwimbia kidogo. Ulisema Komeo ni simba, akinguruma nchi inakunywa. Aliuimba vizuri, kisha akaona aibu kidogo, akakohoa.

Mapigo mia nne, kelele zilianza kutoka Miguuni. Mapigo elfu, zilikuwa zimejaa bonde zima. Huko Utosini mshale ulikuwa umelala mwisho, haurudi tena. Kiunoni hakukusikika kitu.

"Hao wako sawa," alisema Komeo, akionyesha kwa kidevu. "Tangu nianze kazi sijawahi kusikia wamelia."

Mapigo elfu na mia nane fundi mkuu aliinua mkono kuomba muda, kipande kimoja kilikuwa hakijakaa. Waliongezewa mia sita.

"Huu usukani ni wa nini, babu?" aliuliza Mwatumu.

"Wa zamani. Wa kufungulia polepole. Nani ana muda huo? Sikiliza hao."

Mwatumu alitazama mikono yake. Kitu alichokimeza mlangoni pa Kilima cha Kulia kilipanda tena, na safari hii hakikukubali kushuka.

"Mimi kwetu nasoma mita," alisema. "Ila mwaka wangu wa pili walinipa ufunguo wa koki ya mtaa, kwa sababu fundi alikuwa mgonjwa. Maji yalikuwa yamekatwa siku tatu. Tumefundishwa, unafungua robo, unangoja, unafungua robo. Nikafungua robo ya kwanza. Watu wakanizunguka. Wananipigia kelele, wewe binti unatubania, wewe unatuchezea. Mimi siwezi kelele. Nikafungua yote, ili wanyamaze tu."

"Wakanyamaza?"

"Walipiga makofi. Bomba la mwisho wa mtaa lilipasuka. Kulikuwa na bibi mmoja, Bi Mwanakombo, banda lake la jiko, la udongo, liko pale pale juu ya bomba. Hakuwa mtu wa kelele. Hakutoka hata kudai maji. Ukuta ulimwangukia miguu, hakutembea tena." Alivuta pumzi. "Ofisini waliandika bomba lilikuwa bovu. Nikawaacha waandike."

Ngoma ilisikika, na kelele, na sindano.

"Miaka tisa iliyopita," alisema Komeo mwishowe, "Kilima cha Kulia. Mimi nilisoma kwamba ilikuwa kiu."

Mwatumu alitikisa kichwa.

"Nani alikuwa hai kabla sijafungua?"

"Wote. Tuliza aliwaona."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ulichomoa pini kama ulivyoambiwa, babu."

"Sikukuuliza niliambiwa nini," alisema Komeo, taratibu, na akalivua lile shada, akaliweka juu ya magoti.

Mapigo elfu mbili na mia nne, fundi mkuu alipunga kitambaa cheupe. Kazi imekwisha. Jukwaani, kando ya banio, ngoma za sherehe zilianza, na Mheshimiwa Kipaza akainua mkono.

"Komeo! Pini!"

"Naiona, Mheshimiwa," alisema Komeo, akainuka, akaipita pini, akashika usukani.

Haukusogea. Mwatumu alifungua mkoba wake, akatoa kichupa cha mafuta anayopaka vifuniko vya mita, akamwaga chote. Wakashika wote wawili, wakavuta. Kutu ililia, ikaachia. Robo.

Chini ya lango maji yalitoka membamba, kama mkojo wa mtoto. Mwatumu aliweka kiganja kwenye ukuta wa mfereji, kama anavyogusa bomba, akangoja. Fundi mkuu alikimbia kwenye mshono, akaona sehemu inatoa machozi, akatia nyuzi mbili pale pale. Maji yangekuja yote, asingeiona.

"Bado," alisema Mwatumu. "Sasa. Robo."

"Komeo, unafanya nini?" Kipaza alikuwa ameshuka jukwaani. "Huu ni ucheleweshaji wa haki. Nitakushtaki."

"Nishtaki, baba. Nikimaliza."

Paja naye alifika, anachechemea, jasho linamtiririka. "Tunakufa! Tumekufa sote!"

Komeo alimtazama. "Umepanda ngazi ngapi kuja hapa?"

"Arobaini!"

"Basi kaa upumzike."

Robo ya tatu ilichukua mapigo mia mbili. Ya nne Mwatumu alikataa mpaka mtetemo wa ukuta ulipotulia. Watu walipiga kelele ambazo Lalachali haijawahi kuzisikia, na kila mara mikono ya Mwatumu ilitaka kugeuza usukani wote ili wanyamaze. Hakuna aliyejua hilo isipokuwa yeye.

Lango lilipokuwa wazi, Komeo alikabidhi pini kwa askari waliokuja kumchukua. Lakini fundi mkuu akamshika Waziri mkono.

"Mheshimiwa, kabla hujamfunga mtu. Mshono umekaa, Miguu imepata. Ila hatujui kama nchi ni nzima."

"Tutajuaje?"

Fundi alitazama vidole vya miguu yake. "Lazima tukaangalie kule."

Kwa hiyo walikwenda. Walishuka Kiunoni wote, Waziri, mafundi, karani na kipimo chake, Paja na watu wake, askari na Komeo katikati yao. Walipopita Kilima cha Kulia Komeo aliwaomba askari wasimame. Akaliweka shada mlangoni, akaendelea.

Mtaro ulikuwa mkavu. Ni mfereji mdogo wa mawe, una harufu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuuona. Karani aliweka beseni chini ya mdomo wake. Milango ya Kilima cha Kushoto ilikuwa imefungwa, na ndani hakuna sauti. Mwatumu alikaa chini, mgongo kwenye mlango.

Mapigo elfu moja. Hakuna. Elfu mbili. Beseni kavu. Watu wa Paja walikuwa wanalalamikia visigino.

"Wamekufa," alisema mtu.

"Hatuwezi kujua," alisema fundi. "Likidondoka tone la kwanza, litakuwa dogo. Na hizi kelele..."

Mheshimiwa Kipaza alisikiliza. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna Waziri wa Vilio aliyewahi kulifanya. Alipiga magoti kwenye mawe ya mtaro, akaweka sikio karibu na beseni, akainua mkono juu.

"Nyamazeni."

Paja alikuwa katikati ya neno, akalimeza. Kukawa kimya, kimya kabisa, imebaki ngoma tu kifuani mwa nchi. Mwatumu alihesabu. Mia. Mia tatu. Alihisi kitu mgongoni kwake, kwenye mbao za mlango, kama mtu anajikuna. Hakuthubutu kugeuka.

Tone.

Likakaa muda. Tone lingine. Halafu mawili yamefuatana, ya njano, machafu, mazuri.

Mlango ulifunguka nyuma ya Mwatumu, kidogo tu, na Tuliza akatoka kwa kutambaa, amelowa, midomo ya bluu, kitambaa mkononi. Nyuma yake walionekana wengine wameshakaa kazini, wanasikiliza.

Waziri alikuwa bado amepiga magoti, kwa hiyo nyuso zao zilikuwa sawa.

"Mko wangapi?" aliuliza, na yeye mwenyewe alishangaa ilivyotoka kwa kunong'ona.

"Vyumba vitatu tuko. Cha nne mlango haujafunguka. Tumegonga."

Komeo aligeuza uso. Kipaza alitazama kipimo chake, karani akatikisa kichwa: hakikuandika kitu, wala cha waliopo wala cha waliokwenda.

"Unahitaji nini, mama?"

Tuliza alifikiri. Alikuwa na orodha ya miaka tisa, ila alikuwa amechoka.

"Yale maji yaendelee kuja hivyo hivyo, bila mkupuo, mpaka jioni. Na yule mzee arudi kwenye usukani wake, asikae mbali. Na nipewe watu sita wa mabega wakavunje mlango wa nne. Tuwatoe wenzetu."

Waziri akamwangalia Paja. Paja akaita watu sita, wale wale waliokuwa wanalalamikia visigino, wakaingia wakinyata kwa vidole vya miguu. Askari wakamwachia Komeo, akaanza kupanda kurudi banioni.

Wakati huo huo huko juu barabarani waliokuwa hawajui lolote walikuwa wanashuka na ngoma za sherehe, vigelegele, na ule wimbo wa simba. Tuliza alifumba macho. Mheshimiwa Kipaza aliinuka kwenye mtaro, magoti yamelowa uchafu wa nchi nzima, akawafuata mbio katikati ya barabara, kidole mdomoni.

Basi tuwaache hapo, mtaro wao unadondosha tone tone. Atakayepita karibu, apite kwa miguu mepesi.